Poten: je, ndani ya kitenzi hiki cha Kiholanzi mmejificha mguu?

"Shikamoo mwalimu. Nimeolewa Uholanzi, naishi Emmeloord, na ninajiandaa kwa mtihani wa lugha. Mwezi wa nne nilipata kibarua kwenye shamba la viazi. Pale kila mtu alisema poten: kesho tunapoten, viazi vimeshakuwa gepoot, na kadhalika. Kitabu changu cha darasani kinafundisha planten tu. Nilipotafuta poten kwenye simu, ikaniletea 'miguu ya wanyama'. Mama mkwe akasema ndiyo hilo hilo, kwa sababu wazee walikuwa wakishindilia mbegu ardhini kwa mguu. Mwenzangu wa kazini, Mholanzi vilevile, akasema hapana, linatokana na pot, yaani chungu. Nani ana haki? Je, nikisema planten kila mahali nitakuwa nimekosea? Na zaaien linaingia wapi? Halafu bosi akieleza alivyoanzisha kampuni yake alisema op poten zetten. Naye aliipanda kampuni?"

Marahaba, binti yangu. Naona kinachokusumbua hasa. Umezungukwa na watu waliozaliwa ndani ya lugha hiyo, kila mmoja anakupa asili yake ya neno, na simu nayo ina ya kwake. Nikujibu kwa kifupi kwanza: mwenzako wa kazini amekosea, simu imekuletea neno jingine lenye sura ileile, na mama mkwe ameshika jambo la kweli ila amelibandika kwenye kitenzi kisicho chake. Usimcheke. Ule mguu upo, na nitakuonyesha uliko.

Tuanze na maana, kwa sababu asili ya neno haieleweki mpaka ujue mkono unafanya nini. Sisi tuna kupanda, na kupanda kunabeba karibu kila kitu: mahindi, migomba, minazi, viazi. Tuna pia maneno yanayochambua zaidi. Kusia ni kwa mbegu, kuatika ni kuhamisha miche kutoka kitaluni, kuchomeka ni kukidukiza kitu mahali kikakaa. Wengi wetu tuliokulia mjini tumeyaacha hayo mawili ya kwanza, na kupanda kumebaki peke yake. Mholanzi wa shambani hajaziacha tofauti hizo. Poten maana yake ni kuingiza kitu ardhini kimojakimoja, kila kimoja mahali pake, kwenye shimo au mfereji, ili kiote. Karibu kila mara kitu chenyewe kina umbo la kushikika: kiazi, punje ya kitunguu saumu, harage, mche wa liki, kipande cha tawi.

Ndiyo maana viazi ndivyo mfano wake mkuu. Kile mlichokuwa mkikiweka kwenye matuta si mbegu kwa maana ya mimea. Kiazi ni shina lililovimba chini ya ardhi, na yale macho yake ni machipukizi yaliyolala. Ukikizika, unaendeleza mmea uleule wa mwaka jana. Hakuna ua lililochavushwa wala mbegu iliyozaliwa. Kwa Kiswahili tunaita mbegu ya viazi bila wasiwasi, na shambani hakuna ubaya. Kiholanzi hakikubali. Kiazi cha kupanda ni pootaardappel au poter, shehena yake ni pootgoed, mashine inayovidondosha kwenye matuta ni pootmachine, na nafasi kati ya kiazi na kiazi ni pootafstand. Ukiona kwenye gunia 28/35 au 35/55, hivyo ni vipimo vya ukubwa wa viazi hivyo kwa milimita.

Hapo Emmeloord una ushahidi mzuri mlangoni kwako. Shirika la ukaguzi linaloitwa NAK lina makao yake mjini humo, na kirefu cha jina lake kinataja zaaizaad en pootgoed: mbegu za kusia, na vitu vya kudidimiza. Wangeona ni kitu kimoja wasingehitaji maneno mawili. Uholanzi ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje viazi vya mbegu, kwa hiyo neno lililokushangaza shambani ni neno la biashara kubwa. Baadhi ya viazi hivyo hufika mpaka Kenya.

Sasa nikupeleke mbali kidogo na viazi, maana kitenzi hiki ni cha zamani kuliko viazi katika nchi ile. Viazi vilitoka Amerika na kufika Ulaya katika karne ya 16. Poten lilikuwapo tayari katika Kiholanzi cha Zama za Kati. Watu walikuwa wakipoten nini? Miti, hasa. Tazama mierebi iliyopangwa kando ya mitaro ya Uholanzi, ile yenye vichwa vinene na matawi yaliyosimama kama nywele. Mwerebi haukuhitaji kitalu. Mtu alikata tawi lililonyooka, refu kuliko yeye mwenyewe, wakati wa baridi mti ukiwa hauna majani, akalichongoa chini na kulisukuma ndani ya udongo wenye maji. Masika ilipofika likatoa mizizi. Tawi hilo liliitwa poot, na mpaka leo wanaotunza mierebi wanaliita hivyo. Umekulia kwenye mihogo? Basi unaijua kazi hii kwa mikono yako: unakata kipande cha shina, unakichomeka, unakwenda zako.

Katika jimbo la Noord-Brabant, kwenye eneo la Meierij karibu na mji wa 's-Hertogenbosch, kuna haki ya kale inayoitwa voorpootrecht. Mwenye shamba aliruhusiwa kupanda miti kwenye ukanda wa ardhi isiyo yake uliopakana na shamba lake kando ya barabara, na mbao zikawa mali yake. Mipopla iliyopandwa hivyo ndiyo iliyowapa mafundi wa huko mbao za kuchonga viatu vya klompen. Angalia neno lenyewe: voor, mbele, poot, kupanda kwa kuchomeka, recht, haki. Hakuna kiazi wala chungu humo, na unyayo wa mtu haumo pia.

Kwa hiyo asili ni nini? Maelezo yenye nguvu zaidi yanaliweka poten kwenye ukoo wa vitenzi vya kusukuma na kudukiza. Kijerumani cha Chini, yaani cha kaskazini mwa Ujerumani, cha Zama za Kati kilikuwa nalo kwa sura hiyohiyo na maana hiyohiyo. Kiingereza cha Kale kilikuwa na potian, kusukuma au kupiga kumbo, na neno la kila siku la Kiingereza put, kuweka, huhesabiwa kwenye ukoo huo. Ukiliangalia poten hivyo, kila kitu kinakaa: lilianza kwa kusukuma, likawa kusukuma ndani ya ardhi, kisha kupanda. Matumizi mengine yaliyobaki yanaelekea hukohuko. Neerpoten ni kukitua kitu mahali kwa nguvu, au bila kujali sana panafaa au hapafai. Utawasikia watu wakilalamika kwamba manispaa imeneerpoten jengo baya katikati ya kijiji.

Lipo pia tumizi ninalolipenda sana, vis poten. Vyama vya wavuvi wa ndoana vinapotia samaki wachanga katika bwawa ili wakue, vinapoten samaki, na samaki wenyewe huitwa pootvis. Hakuna udongo tena hapo. Kilichobaki ni ile sehemu ya pili ya maana: kukiweka kiumbe kichanga mahali kitakapokulia.

Tumgeukie sasa mwenzako wa kazini na chungu chake. Kosa lake ni la masikio kuliko la fikra, nawe unayesoma Kiholanzi darasani unaweza kulikamata vizuri kuliko yeye. Pot ina o fupi, na wingi wake ni potten, kwa t mbili. Poten ina o ndefu, ndiyo maana katika umoja huandikwa poot, kwa o mbili. Katika poten silabi inaishia kwenye o, kwa hiyo o moja inatosha kuonyesha urefu. Kutoka kwenye pot tunapata potgrond, udongo wa kutia kwenye vyungu vya maua, na verpotten, kuhamishia mmea kwenye chungu kingine. Kwa kuwa maneno haya yote yanauzwa duka moja na kutumika bustani moja, ni rahisi kudhani ni ndugu. Ukipita kwenye rafu, potgrond ni ya chungu, pootgoed ni ya kuchomeka.

Mguu wa mnyama ni jambo gumu zaidi, na hapa nitakwenda polepole. Poot, mguu wa mbwa au paka au kuku, au wa meza, wingi wake ni poten. Kitenzi nacho ni poten. Yanaandikwa sawa na kutamkwa sawa, kwa hiyo simu yako haikudanganya, ilichagua tu neno moja kati ya mawili. Lakini ukifuata nyayo za poot wa mnyama, anakupeleka kwingine kabisa. Kijerumani kina Pfote, Kikatalani kina pota, Kioksitani cha kusini mwa Ufaransa kina pauta, yote yakiwa na maana ya mguu au wayo wa mnyama. Ni neno lililotapakaa Ulaya ya magharibi tangu zamani bila kujali mipaka kati ya lugha za ukoo wa Kijerumani, kama Kiholanzi na Kiingereza, na zile zilizozaliwa na Kilatini, hata wapo wanaisimu wanaodhani limerithiwa kutoka lugha iliyokuwapo kabla ya hizo zote. Lile la kupanda lina ukoo wake, hili lina wake. Yamegongana tu kwa sauti, kama sisi tunavyopanda mti na kupanda basi. Mgeni akituuliza kama abiria huota mizizi, tutamwambia asichanganye.

Na kwa kuwa unaishi nao, chukua tahadhari mbili. Mguu wa mtu ni been, si poot. Ukimwambia mtu atoe poten zake umemtukana, hata kama wenyeji wenyewe hulisema kwa ukali wakiwa wamekasirika. Farasi naye, kwa watu wa farasi, ana benen kama binadamu. Pili, poot akiitiwa mwanamume ni tusi dhidi ya mashoga. Ukilisikia mtaani litambue, na usilirudie.

Sasa ule mguu wa mama mkwe. Planten, kitenzi kilichomo kitabuni mwako, kinatoka Kilatini: plantare, kupanda, pamoja na planta, chipukizi la kupandwa. Kilatini hichohicho kina planta yenye maana ya unyayo. Kuna maelezo yanayozingatiwa na wataalamu kwamba mawili hayo yanahusiana: mpanzi aliliweka chipukizi kwenye udongo kisha akakandamiza kwa unyayo, na tendo hilo la unyayo likawa jina la kupanda kwenyewe. Hayajathibitishwa kiasi cha kufunga mjadala, lakini yana mashiko. Kwa hiyo mama mkwe aliposema wazee walishindilia kwa mguu, alisema jambo linalowezekana sana kuhusu planten. Mwambie hivyo. Nadhani atafurahi kujua kwamba alikosea mlango tu.

Planten lilihamia katika lugha za ukoo wa Kijerumani zamani sana, pamoja na kilimo cha bustani cha Warumi, na limekuwa pana kuliko poten. Unaweza kuplanten mti, ua, kabichi, hata bendera juu ya kilima. Voortplanten ni kuzaliana, kwa mimea, wanyama na watu. Hilo ndilo linalofanya kitabu chako kilichague: mwanafunzi akipewa neno moja tu, apewe lile lisilomwangusha.

Zaaien ni jambo jingine. Hapa mkono unatawanya. Ni ukoo mmoja na zaad, mbegu, na ni neno la asili la ukoo wa Kijerumani ambalo mzizi wake wa mbali ni uleule uliozaa semen, mbegu, katika Kilatini. Ngano huzaaien, karoti huzaaien, viazisukari (mmea mwingine kabisa, wa kutengenezea sukari) huzaaien, hata leo ambapo mashine huhesabu punje mojamoja. Hospitalini pia utalikuta: saratani iliyosambaa mwilini huitwa uitgezaaid, iliyotawanyika. Nakutajia hilo makusudi, kwa sababu ni neno ambalo daktari huweza kulitamka harakaharaka, na hutaki kulikosa siku ukiwa umemsindikiza mgonjwa.

Njia rahisi ya kuona vitenzi hivi vikifanya kazi kando kwa kando ni vitunguu, navyo vinalimwa sana hapo Flevoland. Kitunguu kilichotokana na mbegu ndogo nyeusi ni zaaiui. Kilichotokana na kitunguu kidogo cha mwaka uliopita kilichorudishwa ardhini ni plantui. Umeona? Kwa mantiki niliyokupa ungetarajia pootui, na kweli wapo wanaosema pootuitjes, lakini lililoshika sokoni ni plantui. Mpaka kati ya planten na poten si ukuta. Sheria ya mwaka 2005 inayohusu mambo haya inaitwa Zaaizaad- en plantgoedwet, kwa plant, ilhali wakulima wa viazi wanaendelea kusema pootgoed. Mpaka kati ya zaaien na yale mawili ndio mgumu. Ukisema umezaaien viazi, watakusahihisha.

Basi, utumie lipi? Ukisema aardappels planten, utaeleweka na hakuna atakayesema umevunja lugha. Lakini shambani utasikika kama mtu aliyejifunza viazi kitabuni. Ushauri wangu: kwa viazi, maharage, kitunguu saumu na liki, sema poten. Kwa maua, miti ya bustani na miche ya mboga nyingine, sema planten. Kwa chochote kinachomwagwa au kutawanywa kama punje, zaaien. Balbu za tulipu utazisikia kwa planten na kwa poten pia, kwa hiyo fuata wanavyosema wenyeji wa hapo ulipo. Na kama kuna kazi ya liki mwaka huu, iangalie vizuri, maana ndiyo inayoonyesha kitenzi kilivyo: mtu anatoboa shimo refu kwa pootstok, kijiti kilichochongoka, anadondosha mche ndani, anatia maji, anasogea hatua moja.

Kwa mtihani, sarufi yake ni nyepesi ila ina mtego mmoja wa tahajia. Ik poot, wij poten; wakati uliopita ik pootte, wij pootten; kisha gepoot. Shina linaishia na t, kwa hiyo uliopita unaongeza te, na t zinakuwa mbili. Ukisikiliza tu, wij poten na wij pootten hazitofautiani hata kidogo, kwa hiyo kwenye imla tafuta neno la wakati, kama gisteren, jana. Planten linafuata njia ileile: plantte, geplant. Zaaien ni zaaide, gezaaid.

Bosi wako hakuipanda kampuni. Iets op poten zetten ni kukisimamisha kitu juu ya miguu yake, kama meza iliyokuwa imelala ikainuliwa. Hapo poten ni wingi wa poot, nomino, na kitenzi ni zetten. Dalili ni hiyo op iliyotangulia na zetten inayofuata. Ukiziona mbili hizo, fikiria miguu.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukumalizia. Tofauti ya o ndefu na o fupi haitakaa sikioni kwa kusoma. Nenda maktaba ya mji wako uulizie Taalhuis, huduma ya watu wanaojifunza lugha, ukae na mtu akusikie ukitamka pot, poot, potten, poten mpaka aache kukurekebisha. Maelekezo ya kazi pia usiyakisie kutoka kwenye kamusi. Msimamizi akitaja kina au pootafstand, mwombe akuonyeshe kwa mkono kwenye tuta, kwa sababu safu iliyopandwa vibaya hairekebishiki mpaka mavuno. Na endapo familia ya mumeo ina ardhi kule Brabant na hati ya zamani inataja voorpootrecht, hapo mwanaisimu hatoshi. Ipelekeni kwa notaris, mwanasheria wa hati, kabla hamjakata mti wowote.

Ukitaka kuendelea kuchimba mwenyewe, kamusi kubwa ya kihistoria, Woordenboek der Nederlandsche Taal, ilianza kuchapishwa mwaka 1864 ikakamilika 1998, na sasa inasomwa bure mtandaoni kupitia taasisi ya lugha iliyoko Leiden. Ipo pia Etymologiebank ya Nicoline van der Sijs, inayokusanya pamoja kamusi mbalimbali za asili ya maneno. Tafuta kwanza poten kitenzi, kisha poot nomino, kila moja peke yake, umsomee mama mkwe kwa sauti yako.